Michoro ya ghorofa huishia kwenye uzio, mzigo wake hauishii hapo

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila maombi ya kujenga ghorofa yanapoingia katika mtaa wa nyumba za kawaida, mjadala hugeuka haraka kuwa ugomvi kati ya wanaotaka maendeleo na wasioyataka. Sisi tunaoishi katika mitaa ya aina hiyo, na miongoni mwetu wamo wahandisi wa maji, wapima ardhi na mafundi wa ujenzi, hatukubali kuwekwa upande wowote wa ugomvi huo. Watu wanahitaji nyumba, na mji usiojenga kwenda juu huishia kumeza mashamba. Tunachodai ni hesabu. Michoro inayopelekwa ofisi ya mipango miji huonyesha kwa makini kila kilicho ndani ya uzio: vyumba, ngazi, maegesho, hata miti ya mapambo. Kinachotoka nje ya uzio, yaani majitaka, maji ya mvua, magari, kifusi na kivuli, mara nyingi humalizwa kwa sentensi moja kwamba huduma zipo. Sentensi hiyo tunataka ifutwe, na mahali pake ziwekwe tarakimu.

Tuchukue mfano ambao msomaji anaweza kuulinganisha na maombi yaliyopo mtaani kwake. Kiwanja cha mita za mraba 2,000, kilichokuwa na nyumba moja ya chini, kinaombewa jengo la ghorofa 12 lenye fleti nane kila ghorofa, jumla fleti 96. Kila fleti tukiipa mita za mraba 100, pamoja na sehemu yake ya ngazi na ujia, sakafu zote zinafika mita za mraba 9,600, ambazo ni mara 4.8 ya kiwanja chenyewe. Nyumba ya awali ya mita za mraba 500 ilikuwa robo tu ya kiwanja. Uwiano huu wa sakafu kwa kiwanja ndiyo namba ya kwanza ya kuulizia, kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine zote. Waombaji hupenda zaidi kutaja asilimia ya kiwanja inayofunikwa na jengo. Hapa ni asilimia 40, inasikika vizuri, lakini haisemi chochote juu ya idadi ya watu watakaoishi pale.

Tunaanza na majitaka kwa kuwa ndiyo yanayowahi kuleta balaa. Watu wanne kwa kila fleti ni watu 384. Kila mmoja akitumia lita 120 kwa siku, jengo linahitaji lita 46,000 hivi, na kwa kawaida asilimia 80 ya maji hayo hurudi yakiwa majitaka. Hizo ni karibu lita 37,000 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Palipo na bomba la umma la majitaka, kiasi hicho chenyewe hakitishi. Bomba la milimita 150 lililolazwa kwa mteremko wa 1 kwa 100 hupitisha takriban lita 15 kwa sekunde likijaa, na jengo letu la mfano, hata saa za asubuhi wote wanapooga, halifiki lita 2 kwa sekunde. Tunasema hivyo waziwazi kwa sababu wakazi wengi hukimbilia kulalamika kwamba bomba litapasuka, na mhandisi wa upande wa pili huwamaliza kwa dakika moja. Maswali yenye uzito ni mengine. Bomba hilo lina mteremko gani kweli ardhini, si kwenye karatasi? Likiwa limelala mno, mwendo wa maji ukashuka chini ya mita 0.6 kwa sekunde, uchafu mzito hutuama na mafuta ya jikoni huganda. Je, maji ya mvua yanaingia kwenye chemba, yaani mashimo ya kukagulia bomba, wakati wa masika? Yakiingia, bomba limeshajaa kabla mgeni hajafika. Na mwisho wa bomba kuna nini: mtambo wenye nafasi, au kituo cha pampu ambacho umeme ukikatika majitaka hutafuta chemba iliyo chini kuliko zote, ambayo mara nyingi iko uani kwa mtu?

Mitaa mingi tulivu haina bomba hilo kabisa. Kila nyumba ina karo lake, yaani tangi la kutuamisha majitaka, na shimo la kunyonya, na utaratibu huo umefanya kazi kwa miaka mingi kwa sababu watu ni wachache na ardhi ni kubwa. Udongo wa mfinyanzi hunyonya takriban lita 10 za majitaka kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo kwa siku, na mchanga hufika lita 50 hivi. Tuchukue udongo wa kati wa lita 20. Lita 37,000 zitahitaji mita za mraba 1,850 za ukuta wa shimo. Shimo lenye kipenyo cha mita 3 na kina cha mita 4 chini ya bomba la kuingilia lina ukuta wa mita za mraba 38 tu. Yanatakiwa basi karibu mashimo 50. Hata kwenye mchanga safi yanatakiwa 20, tena yaachane vya kutosha yasinyang'anyane udongo uleule. Kwenye kiwanja cha mita za mraba 2,000 ambacho tayari kina jengo na maegesho, mashimo hayo hayana pa kukaa. Kinachotokea baada ya hapo kinajulikana: magari ya kunyonya majitaka. Gari la lita 10,000 litahitajika karibu mara nne kila siku, bila kuruka siku. Msimamizi wa jengo akishindwa kulipa wiki moja, majitaka yanaingia mtaroni.

Mwombaji akijibu kwamba ataweka mtambo wake wa kusafisha majitaka, jibu hilo si baya, lakini linafungua maswali mapya. Vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya mtambo huhitaji hewa inayosukumwa na mashine muda wote; umeme ukikatika kwa muda mrefu vinaanza kufa, na kuvirudisha huchukua siku nyingi. Kwa hiyo tuonyeshwe jenereta ya mtambo, jina la kazi ya mtu atakayeuendesha, mkataba wa kuondoa tope, na mahali yatakapokwenda maji yaliyosafishwa. Yakielekezwa kwenye mtaro wa mvua, nani atayapima, mara ngapi kwa mwaka, na matokeo yatabandikwa wapi?

Maji ya mvua yana hesabu rahisi kuliko zote, na hatuelewi kwa nini huachwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 kwa saa ikinyesha kwenye kiwanja chetu cha mfano inamwaga lita 100,000. Zamani, palipokuwa na mita za mraba 600 za paa na sakafu ngumu na bustani ya 1,400, takriban lita 41,000 zilitoka kwenda mtaroni, nyingine zikazama ardhini. Baada ya ujenzi, zege na lami vikifunika mita za mraba 1,700, zinatoka karibu lita 80,000, na zinatoka kwa haraka zaidi kwa sababu paa na zege havicheleweshi maji kama nyasi. Mtaro na kalvati vilivyojengwa kwa ajili ya bustani sasa vinabeba mara mbili. Dawa ipo na inafahamika: tangi la chini ya ardhi la mita za ujazo 40 hivi, lenye tundu dogo la kutolea maji, ili yaliyoongezeka yatoke polepole mvua ikishapita. Tangi hilo lazima liwe tupu mvua inapoanza. Wengine huliunganisha na tangi la kumwagilia bustani, wakaliacha limejaa miezi yote, na siku ya mvua kubwa halizuii hata ndoo moja. Mchoro uonyeshe matangi mawili, au uonyeshe kiwango ambacho maji hayaruhusiwi kukipita siku za kawaida.

Maji safi nayo. Kuyapandisha hadi juu ya paa la ghorofa ya 12, mita 36 kutoka ardhini, kunahitaji presha ya baa 3.6 kabla hata bomba la juu halijafunguliwa. Bomba la mtaani kwa kawaida haliwezi, hivyo jengo huweka pampu. Pampu ikinyonya moja kwa moja kutoka bomba kuu, majirani hukosa maji. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: presha ndani ya bomba kuu ikishuka chini ya ile ya nje, bomba huvuta maji machafu ya ardhini kupitia viungio vinavyovuja. Sharti liwe moja na liandikwe kwenye kibali: maji ya mtaani yaingie kwanza kwenye tangi la chini kupitia koki ya boya, na pampu ivute kutoka tangini tu. Tangi liwe na akiba ya siku mbili, yaani mita za ujazo 92 kwa jengo hili, na lijazwe usiku. Likichimbwa jirani na mashimo ya majitaka, maombi yarudishwe.

Tunakuja kwenye uchimbaji, na hapa tunaomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo nyumba za watu hupasuka. Gari moja kwa kila fleti ni magari 96. Nafasi ya gari ni mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia za kupita na kugeuzia kila gari hula mita za mraba 25 hadi 30. Magari yote yanahitaji kati ya mita za mraba 2,400 na 2,900, ambazo ni zaidi ya kiwanja kizima. Hivyo hushukwa chini: sakafu mbili za mita za mraba 1,500, shimo la kina cha mita 7 hivi. Shimo la kina hicho lililozuiwa vibaya linaweza kuutikisa udongo hata mita 14 kutoka ukingoni, na nyumba ya jirani mara nyingi iko mita 3 au 4 tu. Ukuta wa kuzuia udongo, uwe wa nguzo za zege zilizopangwa karibu karibu au wa mbao na vyuma, lazima uwekwe kabla ya kuchimba na ushikiliwe kwa mihimili kila hatua ya kushuka. Mkandarasi anayechimba mita 7 zote kwanza ili akimbizane na muda, halafu ndiyo ajenge ukuta, anacheza na nyumba za watu.

Shimo likifika kwenye maji ya ardhini, yatapampiwa nje. Udongo laini ukikaushwa hujibana, na nyumba iliyo juu yake hushuka upande mmoja. Ipo ishara ambayo jirani yeyote anaweza kuiangalia bila kifaa: maji yanayotoka kwenye bomba la pampu yanapaswa kuwa maangavu. Yakiwa na tope siku baada ya siku, pampu inachota udongo kutoka chini ya nyumba za jirani, na kazi isimamishwe siku hiyohiyo hadi kichujio cha kisima kirekebishwe. Misingi ya nguzo nayo iwe ya kuchimba na kumwaga zege, si ya kupigilia nyundo, pale nyumba zilipo karibu.

Kwa sababu hiyo kila nyumba iliyo ndani ya mita 30 ikaguliwe kabla ya katapila la kwanza kuingia. Mkaguzi apige picha zenye tarehe za kila ukuta, dari, sakafu na uzio, na nyufa zilizopo zipimwe upana kwa milimita. Nakala moja abaki nayo mwenye nyumba. Kwenye kila ufa lipakwe bonge jembamba la jasi lenye tarehe. Jasi likipasuka, ufa unatembea. Ufa wa chini ya milimita 1 mara nyingi ni wa plasta. Unapokaribia milimita 5, milango huanza kugoma kufunga, na kuzidi hapo ni suala la mhandisi wa miundo, si la fundi rangi. Bila ukaguzi wa kabla, kila ufa utaambiwa ulikuwepo, na jirani hana pa kushika.

Kifusi cha shimo hilo ni mita za ujazo 10,500 kikiwa ardhini. Udongo ukichimbwa hufura kwa robo hivi, hivyo vinafika 13,000, ambavyo kwa tipa la mita za ujazo 15 ni safari karibu 875 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, na bado saruji, kokoto na nondo hazijaanza kuja. Barabara ya mtaa haikujengwa kwa hayo. Majaribio ya barabara yaitwayo AASHO, yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa kanuni hiyo ekseli ya tani 10 huumiza lami mara 10,000 ya ekseli ya tani 1. Ndiyo sababu mtaa uliobeba magari madogo miaka 20 unaweza kufumuka kwa msimu mmoja wa matipa. Tunataka mwendelezaji aweke dhamana ya fedha kwa mamlaka ya barabara kabla ya kuanza, barabara ipigwe picha mita kwa mita, na dhamana isirudishwe hadi lami iliyokarabatiwa ipite msimu mmoja mzima wa mvua.

Ripoti za magari zisomwe kwa jicho kali. Angalia kwanza siku ya kuhesabu: ikiwa shule zilikuwa zimefungwa, ripoti haifai. Fleti 96, hata nusu tu zikitoa gari ndani ya saa moja ya asubuhi, ni magari 48, karibu moja kila dakika, kwenye makutano ambapo dereva anayekata kuvuka upande wa pili anahitaji mwanya wa sekunde 6 au 7. Wakazi wanaweza kuhesabu wenyewe. Watu wawili wakae kwenye makutano kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, waandike kila dakika 15 magari yaliyopita kila uelekeo na urefu wa foleni. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko hotuba.

Kivuli na umeme tunavitaja kwa ufupi. Jengo la mita 36 hutupa kivuli cha mita 36 jua likiwa nyuzi 45, na mita 62 likiwa nyuzi 30, kwa hiyo paneli za sola za majirani wanaofikiwa na kivuli asubuhi au jioni ziingizwe kwenye mchoro wa kivuli. Transfoma ya mtaani ina kibao chenye namba ya kVA, yaani kipimo cha mzigo wa umeme inaoweza kubeba. Fleti 96 kwa kVA 3 kila moja ni karibu kVA 290, na mwombaji aseme kama ataleta transfoma yake. Kuhusu moto, ngazi nyingi za magari ya zimamoto hufika mita 30 hivi, na sakafu ya ghorofa ya 12 iko mita 33, hivyo ngazi mbili za kukimbilia, bomba la zimamoto linalopanda kila ghorofa na pampu yake si mambo ya kujadiliana.

Kwa wakazi wenzetu tuna neno pia. Barua za pingamizi zinazosema thamani ya nyumba itashuka, au kwamba wapangaji wataharibu tabia za mtaa, hutupwa pembeni, na pale zinapowatukana watu ambao hawajafika ni haki zitupwe. Andikeni namba ya maombi na ya kiwanja, pelekeni kabla ya tarehe ya mwisho, gongesheni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Barua kumi zenye hoja tofauti, mmoja akaeleza mtaro, mwingine presha ya maji, mwingine nyufa, zinasomwa zote. Barua moja iliyotolewa nakala 200 huhesabiwa kuwa moja. Ambatanisheni picha ya kalvati siku ya mvua ikiwa na rula kando yake.

Ofisi ya mipango miji nayo iache kupima kila kiwanja kana kwamba kiko peke yake. Maombi ya kwanza yakipita, la pili na la tatu hutumia la kwanza kama kigezo, na kila ripoti hudai kwamba ongezeko lake ni dogo. Mtaa wenye viwanja 40 ukipewa uwiano wa 4.8 hata kwenye viwanja vinane tu utakuwa umeongeza zaidi ya watu 3,000 kwenye mabomba yaleyale. Hesabu hiyo ifanywe sasa, kabla ya kibali cha kwanza.

Jambo la mwisho ni marekebisho yanayokuja baada ya kibali. Jengo lililoidhinishwa kwa ghorofa 12 huombewa mbili zaidi msingi ukiwa umeshamwagwa, na ombi hupita mezani bila tangazo. Ghorofa mbili hizo ni fleti 16, watu 64, lita 7,680 za maji kila siku na magari 16 yasiyo na mahali pa kulala. Tunaomba ongezeko lolote la ghorofa au fleti lirudishwe kwa wakazi kama maombi mapya, likiwa na hesabu zake za maji, majitaka, msingi na maegesho, na kibao kilicho langoni mwa eneo la ujenzi kionyeshe idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa na namba ya kibali, ili mpita njia aweze kuhesabu mwenyewe.

Wakazi wa mtaa
(majina na sahihi zetu anazo mhariri)